Jimbo Linaloanzia kwa Mama Vitumbua

Jimbo la Ukingoni lilifutwa Jumatatu, na hadi Jumatano Kulaya alikuwa bado hajampata mtu wa kumkasirikia. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko kufutwa kwenyewe. Mtu akikuibia kuku utamtukana mwizi. Mvua ikikubomolea ukuta utaitukana mvua, hata kama haisikii. Lakini jimbo? Halikuibwa wala halikubomolewa. Asubuhi moja karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati, ina mihuri miwili na maneno machache: kwamba lililokuwa Jimbo la Ukingoni halipo tena, na eneo lake litaingia katika majimbo jirani kwa kadiri mpaka utakavyoelekeza. Watu wakasoma, wakaguna, wakaingia ndani kuchukua dawa za kikohozi.

Jumanne ndipo walipojua kwamba karatasi ile haikuwa na mzaha. Dada yake Kulaya, Stamili, mjane aliyekuwa akiishi naye nyumba moja kwa miaka tisa wakigombana kuhusu chumvi, alibeba ndoo ya mahindi akaenda mashineni kusaga. Mashine iko mitaa miwili tu kutoka nyumbani. Hakurudi. Kulaya akamfuata, akafika mashineni, akaambiwa amekwishasaga na ameondoka zamani. Akashika njia ileile ya kurudi, njia aliyoizoea tangu anatambaa, nayo ikamtoa sokoni, katika jimbo la watu wengine, penye mwanamke mmoja anayeuza nyanya aliyemuuliza kwa upole, “Unatoka wapi, baba?” Kulaya akafungua mdomo. Jina la kwao halikutoka. Lilikuwapo, alilihisi kooni, lakini halikutoka. Alifika nyumbani kwa kutembea kinyumenyume, macho kwenye paa la mashine, mpaka kisigino kilipogonga kizingiti chake. Stamili hakuijua mbinu hiyo. Jioni sauti yake ilisikika nyuma ya ua, karibu kabisa, ikifoka: “Kulaya! Njia hii mmeifanya nini?” Kulaya alipochungulia hakuona mtu.

Chini ya ile karatasi ya zahanati palikuwa na mstari mwembamba ambao wengi hawakuusoma, kwa sababu mistari ya chini huandikwa ili isisomwe. Pingamizi zitapokelewa Ofisi ya Mipaka hadi Alhamisi saa kumi alasiri, iwapo mpingaji atathibitisha kwamba alama ya kwanza ya mpaka ipo. Kulaya aliusoma mstari huo mara tatu. Alama ya kwanza aliiandika yeye.

Miaka ishirini na minane kabla ya hapo, Kulaya alikuwa karani wa mipaka, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na suruali yenye mkunjo wa kukata nyasi. Alitumwa pamoja na wapima wawili kwenda kuzichora pembe za jimbo jipya. Sasa, Ukingoni haina namba za nyumba wala majina ya mitaa. Kila mahali ni kwa mtu. Kuna kwa Fundi Baiskeli, kuna kwa Mjumbe, kuna hata kwa Marehemu, na hakuna anayekumbuka ni marehemu yupi. Mgeni akielekezwa huambiwa pita kwa fulani, kata kwa fulani, ukifika kwa fulani uliza. Basi Kulaya, mtoto wa pale, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mpaka unaanzia kwa Mama Vitumbua, unashuka na mtaro hadi kwa Fundi Baiskeli, unakata kushoto hadi kwa Marehemu, na kurejea kwa Mama Vitumbua. Mpima mmoja akatua mfuko wa saruji akasema hapa tuweke jiwe. Kulaya akacheka mpaka akakohoa. “Jiwe la nini? Nani asiyepajua kwa Mama Vitumbua?” Wote wakacheka, wakala vitumbua vya moto wakilambalamba vidole. Ule mfuko wa saruji uliishia kwenye kizingiti cha Kulaya, na kila asubuhi tangu hapo alikuwa akiukanyaga akienda kazini.

Sasa niambie, mahali ni nini? Ndilo swali lililomkesheza Kulaya, naye hakuwa mtu wa maswali, alikuwa mtu wa mafaili. Je, mahali ni udongo? Udongo hausemi unaitwaje. Je, ni jina? Jina hukaa mdomoni, na mdomo una miguu. Je, ni mtu aliyesimama juu ya udongo? Basi akiondoka, anaondoka na nini? Anaacha nini? Na aliyebaki, amebaki wapi? Sheria ilisema mpaka unaanzia kwa Mama Vitumbua. Haikusema kwenye kona gani. Na Mama Vitumbua alikuwa amehama zamani; alipohama, mpaka ulihama naye, kimyakimya, ukiburuta pembe zake nyuma. Sheria haikukosea hata nukta. Kulaya alitamani ingekuwa imekosea.

Alhamisi baada ya chai akatoka kumtafuta Mama Vitumbua. Nia yake ilikuwa moja: amrudishe kwenye kona yake kabla ya saa kumi, mpaka urudi, njia irudi, Stamili aingie na ndoo yake aanze kulalamika kuhusu chumvi.

Mtaa wa kwanza alioingia ulikuwa bado uko katika uchaguzi wa kwanza. Hakushangaa sana. Mahali palipofutwa hapana sababu ya kufuata kalenda. Mabango yalikuwa mabichi, gundi ikichuruzika ukutani, na mstari wa wapiga kura ulizunguka shule mara mbili. Wanawake walivaa khanga mpya. Mama mmoja mnene alimwinulia Kulaya kidole kidogo chenye wino, akakitikisa mbele ya pua yake.

“Umeona? Umekwishapiga?”

“Nimepiga zamani, mama.”

“Zamani lini, na kituo kimefunguliwa sasa hivi? Haya, mwaka huu maji yanakuja. Mwenyewe ameapa. Mabomba yako njiani.”

Kulaya alijua habari za mabomba hayo. Yaliletwa kweli, yakazikwa kweli, na hayakupitisha hata tone. Kwa miaka watu wa Ukingoni walikuwa wakilaza sikio juu ya bomba Jumapili baada ya ibada, wakisema wanasikia kitu. Mbunge wa Kwanza naye alikuwa akija kulaza sikio pamoja nao, na kwa hilo walimpenda, wakampa kipindi cha pili. Kulaya alitaka kumwambia yule mama. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini utamwambiaje mtu aliyesimama juani tangu alfajiri kwamba furaha yake imekwishapita muda? Akasema, “Hongera, mama,” akajichukia, akaendelea.

Mtaa wa pili ulikuwa wa Mbunge wa Pili, yule aliyeshinda kwa kura tisa na akaishi mjini. Alikuwa akija na gari lenye kioo kilichopandishwa hadi nusu, ndiyo maana Ukingoni walimjua kwa paji la uso tu. Hata pale alipokuja siku moja kwa miguu kwenye msiba, watu hawakumtambua, wakampa jembe achimbe kaburi. Kwenye pembe ya mtaa huo ndipo palipokuwa kwa Mama Vitumbua. Kulaya alisimama pale pale alipokuwa amesimama na wapima. Palikuwa na kituo cha mafuta. Pampu mbili, bango kubwa la kukataza moto, na mhudumu aliyelala kwenye kiti cha plastiki. Kulaya aliinama akapapasa sakafu, sijui akitafuta nini. Sakafu ilikuwa na saruji nyingi, nzuri, ya kutosha mawe mia. Ghadhabu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Mtaa wa tatu ulikuwa na redio. Ilikuwa juu ya kaunta ya duka la kinyozi, watu wamejazana kuizunguka, na ndani yake kikao cha bunge kilikuwa kikijirudia bila kuchoka. Spika anasoma hoja ya kupunguza majimbo. Anasoma orodha. Ukingoni iko katikati ya orodha. Kisha anasema wanaoafiki waseme ndiyo. Mbunge wa Tatu wa Ukingoni alikuwa amesinzia tangu baada ya chakula, sauti za wenzake zikamgutusha, naye kwa hofu ya kuonekana amesinzia akaitikia peke yake, nyuma ya wote, kwa sauti iliyotikisa redio: “Ndiyooo!”

Kinyozi akapiga makofi. “Mnasikia? Huyo ni wetu! Miaka minne hajasema kitu, leo kasema!”

“Lakini kasema nini?” Kulaya akauliza.

“Aah, mzee, wewe nawe. Mtu kasema bungeni unauliza kasema nini?”

Spika akaanza tena kusoma hoja. Watu wakasogea wamsikie mbunge wao. Kulaya alimvuta kinyozi mkono, akamuuliza Mama Vitumbua amehamia wapi, na kinyozi bila kuondoa sikio redioni akanyoosha mkasi. “Kavuka mtaro. Fuata harufu.”

Akafuata harufu ya nazi na iliki. Alivuka mtaro kinyumenyume, maji machafu yakamwingia kiatu kimoja, na aliposikia mafuta yakichemka mgongoni akageuka. Mama Vitumbua alikuwa pale, chini ya kibanda cha mabati matatu, kiti kifupi, jiko la mkaa lenye miguu mitatu, kikaango cheusi. Alikuwa amezeeka, lakini mkono uliogeuza vitumbua ulikuwa mwepesi vilevile.

“Habari za hapa, mama.”

“Nzuri. Karibu, Bwana Karani.” Hakuinua macho. “Kiatu kimelowa hicho.”

Kulaya alichutama, akamweleza yote kwa pumzi moja: karatasi, alama ya kwanza, saa kumi, Stamili aliyeko nyuma ya ua na haonekani. Mama alisikiliza huku akitoa vitumbua na kuvipanga kwenye sinia.

“Nimehama mara saba,” akasema. “Kwa hiyo mara zote saba nilikuwa nimebeba jiko, na ndoo ya unga wa mchele, na jimbo juu yake?”

“Ndiyo, mama.”

“Ndiyo maana shingo iliniuma.” Akacheka kidogo, kisha cheko likaisha. “Na mbona hukuniambia? Mtu akibebeshwa mzigo huambiwa.”

Kulaya alisema haraka haraka kwamba muda unakwenda, kwamba ni saa moja tu, akae kwenye kona yake, wapima wamwone, basi.

“Pale pana petroli. Nikawashe jiko nichome watu?”

“Usiwashe. Ukae tu.”

“Nikikaa bila kuwasha, mimi ni Mama Vitumbua gani?” Sasa aliinua macho, na Kulaya akatamani asingeyainua. “Bwana Karani, unajua kwa nini niliondoka pale? Walikuja watu wa Mbunge wa Pili, wakaniambia nipishe, wamepewa kiwanja. Nikasema ngoja, serikali inanijua, mpaka umeanzia kwangu, niliona mwenyewe mkiandika. Nikaja ofisini kwako. Ulikuwa dirishani. Ukaniambia njoo kesho. Nikaja kesho. Ukasema njoo kesho. Nilikuja mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilikuta wamekwishachimba.”

Kulaya hakukumbuka. Alijaribu, wallahi alijaribu, akaona dirisha, akaona mistari ya watu, akaona chai yake ikipoa mezani, lakini sura ya mama huyu haikuwamo. Walikuwa wengi mno waliosimama pale. Aliwaambia wote neno moja, si kwa ubaya, faili lilikuwa halijasainiwa, bosi hayupo, mhuri umefungiwa kabatini. Tangu Jumatatu alikuwa akizunguka na hasira akimtafuta mwenyewe wa kumkabidhi. Sasa aliishika mkononi na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa.

“Nisamehe, mama,” akasema. Kisha: “Jina lako nani?”

“Umechelewa kuuliza. Mwajabu binti Kondo.” Akamwaga mafuta kwenye kopo, akazima makaa kwa maji, akafunika unga. “Twende huko ofisini. Nataka nilione tena dirisha lile. Beba ndoo.”

Wakaenda. Mwajabu mbele na jiko kichwani, limepoa. Kulaya nyuma na ndoo ya unga, kwapani kiti, na mfuko wenye kikaango, sinia, mkaa na kopo la mafuta. Walipopita mtaa wa redio, watu walikuwa bado wanapiga makofi. Walipopita kwenye kituo cha mafuta, Mwajabu alitema mate pembeni na hakusema kitu. Walipofika Ofisi ya Mipaka ilikuwa imebaki robo saa kufika saa kumi, na dirisha lilikuwa wazi, na ndani ya dirisha aliketi kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.

Kulaya alimtambua kwa chai. Kikombe kilekile cha bati chenye pengo mdomoni, alichokivunja mwaka aliostaafu. Kisha akatambua mkono, kisha kovu la kidevuni. Alikuwa ni yeye, ana miaka thelathini na mitatu, nywele zote zipo. Usinicheke. Wewe nawe ungesimama hapo ukimtazama, ukitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja.

“Nimeleta pingamizi,” Kulaya alisema. “Jimbo la Ukingoni. Alama ya kwanza ipo. Ni huyu hapa.”

Kijana alipitisha macho juu ya karatasi bila kuisoma. “Bosi katoka, mzee. Njoo kesho.”

“Kesho hakuna! Inafungwa saa kumi! Dada yangu yuko nyuma ya ua, haoni njia, unanisikia? Wewe unamjua Stamili! Ni dada yako!”

“Mzee, usinipigie kelele, mimi siyo niliyetunga utaratibu. Njoo kesho.”

Kulaya aligonga ukuta kwa kiganja. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu. Nyuma yake Mwajabu alitua jiko chini.

“Hiyo ya kwanza, Bwana Karani,” akasema taratibu. “Bado kumi.”

Kisha akavuta kiti chake kifupi, akakiweka kizingitini mwa Ofisi ya Mipaka, akapanga mkaa, akawasha. Moshi ukaingia dirishani. Akaweka kikaango, akamimina mafuta, akasubiri, na yalipochemka akateka unga akajaza tundu la kwanza. Papo hapo Kulaya alihisi kitu kikivutwa chini ya nyayo zake, polepole, mfano wa mkeka unaoburutwa na mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala. Mpaka unaanzia kwa Mama Vitumbua. Na sasa kwa Mama Vitumbua palikuwa hapa. Ofisi nzima, na makabati yake, na mihuri yake, na bosi aliyetoka, ilikuwa imeingia Ukingoni.

Kijana aliinuka. Alitazama mlango, akatazama ukuta, akageuka mara mbili mahali pamoja. Uso ulimbadilika.

“Mzee,” akaita. “Samahani. Hapa ni wapi?”

Maneno mawili yalimjia Kulaya ulimini yenyewe, yameiva, matamu, yakingoja kusemwa. Mwajabu alimtazama, uma wa kugeuzia mkononi, akingoja kuona. Kulaya akayameza.

“Hapa ni Ukingoni, mwanangu,” akasema. “Hapa ni kwa Mwajabu binti Kondo. Chukua kalamu uandike. Mpaka unaanzia hapa. Na uweke jiwe. Tafadhali. Uweke jiwe leo.”

Kijana aliketi, kalamu ikamrudia mkononi, na alipoandika neno la kwanza Kulaya alisikia hatua nyuma yake, na pumzi ya mtu aliyechoka, na sauti.

“Siku tatu!” Stamili alikuwa ameshika ndoo ya unga kwa mikono miwili, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, miguu vumbi hadi magotini. “Siku tatu nazunguka nyumba naiona na siifikii, na wewe umekaa hapa unakula vitumbua?”

Kulaya alimpokea ndoo, akaikumbatia na unga wake wote. Dirishani kijana alikuwa amefika mwisho wa mstari. Alinusa hewa, akatabasamu, akanyoosha mkono akachukua kitumbua cha kwanza kutoka kwenye sinia.

“Mwajabu ndiye nani?” akauliza, mdomo umejaa. “Nimeandika kwa Mama Vitumbua, watu waelewe.”

“Na jiwe?” Kulaya alipiga kelele. “Jiwe, mwanangu, jiwe!”

Kijana akacheka mpaka akakohoa. “Jiwe la nini, mzee? Nani asiyepajua kwa Mama Vitumbua?”

Akagonga mhuri. Ilikuwa saa kumi kamili, na dirisha likafungwa. Stamili aliuliza mbona wamesimama, twendeni nyumbani kabla njia haijabadilika tena. Kulaya hakuondoka. Alikuwa akilitazama jiko la Mwajabu, miguu yake mitatu juu ya kizingiti, na ubavuni vishikio vyake viwili vya kubebea, vikingoja kuhama tena.